Fungu la Nyama na Karatasi ya Bima

Nilifundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, na kazi hiyo humharibu mtu: anazoea kuwa na jibu. Hata sasa nimestaafu, nikiulizwa jambo mbele za watu, siwezi kusema "ngoja nifikiri". Ndivyo ilivyokuwa siku ya mkutano wa kikundi chetu cha kina mama hapa Ihembe, mwenye duka la dawa za mifugo alipokuja kutoka Kayanga kutueleza habari za bima ya ng'ombe. Alipomaliza aliuliza kama kuna mwenye swali. Mimi sikuwa na swali. Nilikuwa na jibu.

Kwanza nieleze habari za ng'ombe mwenyewe. Ninaye mmoja tu, chotara mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Jina lake silitaji, maana nilimpa jina la mkaguzi mmoja wa shule aliyekuwa na mwendo kama wake, wa polepole na wa dharau. Nilimpata kwa utaratibu wa kikundi, ule wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Unapewa mtamba, jike ambaye bado hajazaa, unamtunza, na ndama jike wa kwanza atakayezaliwa, akishaacha kunyonya, si wako. Ni wa mwanamke anayekufuata kwenye orodha. Ukishamtoa huyo ndipo mama yake anakuwa mali yako kabisa. Maziwa unakunywa tangu azae mara ya kwanza, na samadi pia ni yako, na asiyejua thamani ya samadi kwenye kibanja cha migomba aje aitazame mikungu yangu ya siku hizi.

Aliyenifuata kwenye orodha ni jirani yangu wa ng'ambo ya njia. Nilimfundisha darasa la nne. Alikuwa mtoto wa dawati la nyuma, wa wale wanaojua jibu lakini hawanyooshi kidole, na nakiri kwamba watoto wa namna hiyo walikuwa wakiniudhi kuliko watundu. Sasa ni mama wa watoto wanne. Mume alivuka mpaka kwenda Uganda kutafuta kazi, na mpaka leo kinachorudi ni salamu. Kibanja chake kimechoka. Mkungu wake wa ndizi unaubeba kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mwavuli.

Tangu bwana mifugo alipothibitisha kwamba ng'ombe wangu ana mimba, jirani huyu alianza kuja kila asubuhi na mzigo wa majani kichwani. Sikumwomba. Anautua mzigo, ananiamkia, anaingia bandani, anampapasa ng'ombe shingoni na tumboni, halafu anakwenda zake shambani. Siku moja nilimwambia asijisumbue, kwa kuwa majani ninayo.

"Si usumbufu, Mwalimu," alisema. "Nakuja kumwamkia mwanangu."

Nilicheka. Sikujua bado kwamba hakuwa akitania.

Turudi mkutanini. Mwenye duka ni mtu muungwana. Babu yake alitoka Tanga kufuata biashara ya kahawa, na ingawa yeye mwenyewe kazaliwa Kayanga na Kinyambo anakizungumza vizuri kuliko baadhi ya wajukuu zetu, Kiswahili chake hakijasahau kilikotoka. Alituita "mabibi zangu", jambo lililowafanya wengine wajirekebishe vitenge. Akaeleza: unalipa kiasi fulani kila mwaka, ng'ombe anavishwa hereni yenye namba sikioni, anapigwa picha, anakadiriwa thamani. Akifa kwa ugonjwa au ajali, unalipwa. Kiasi chenyewe, kwa ng'ombe kama wangu, kilikuwa karibu sawa na maharage yangu ya msimu mzima. Wenzangu waliguna, wote kwa pamoja.

Nikasimama. Nikaanza na habari aliyonisimulia binti yangu anayefanya kazi mjini, kwamba ziko nchi ambako watu wanawakatia bima mbwa na paka. Mbwa wa mwenyekiti wetu alikuwa amelala chini ya mti wa kahawa, nzi wakimzunguka masikio, na wote wakageuka kumtazama. Kicheko kilichozuka hapo kilimwamsha mbwa mwenyewe. Watu wakishacheka upande wako, yaliyobaki ni rahisi.

"Sisi bima tunayo," nikasema, "na hakuna aliyetuuzia. Ng'ombe wa mtu akianguka shimoni akavunjika mguu, anafanyaje? Anapiga yowe. Tunakuja na mapanga na majani ya migomba, tunachinja, tunagawa mafungu. Kila nyumba inachukua fungu lake, hata bibi asiye na meno, na kahawa ikiuzwa kila mtu analipa. Mwenye ng'ombe ananunua mwingine. Niambie, ndugu yangu, kampuni yako itanifanyia nini zaidi ya hawa?"

Nilikuwa nasema kweli, na bado nasema ni kweli. Nimekulia Rugu, kwa baba aliyefuga wale wa pembe ndefu, na tangu utoto sijaona nyumba ikikataa fungu. Kulikataa ni kama kutokwenda msibani.

Mwenye duka alisubiri makofi yaishe. "Mwalimu, aliyevunjika mguu analiwa," akasema. "Je, aliyekufa kwa homa? Fungu lake nani atalipokea?"

"Wangu hatafika huko. Anakaa ndani, anakula ndani, kupe atamwonea wapi?"

"Haya, Mwalimu." Akawa anakusanya karatasi zake bila kukasirika. "Ila wakubwa walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

Makofi yakaanza tena. Jirani yangu alikuwa amekaa mkekani, mstari wa nyuma kama zamani. Yeye hakupiga makofi. Nililiona hilo na nikaliacha lipite.

Miezi mitatu baadaye, siku ya gulio, niliondoka alfajiri kwenda Nkwenda na maharage yangu, kwa sababu wanunuzi wa kule hawana maneno mengi. Nilikuwa bado nabishana na mmoja wao kuhusu mzani wake simu ya jirani yangu ilipoingia.

"Shikamoo, Mwalimu. Ng'ombe hajagusa majani. Mwili una moto. Na hapa chini ya sikio pamevimba, pana kitu kama kiazi."

"Tangu lini?"

"Jana jioni nilipita kumwona. Hakikuwepo."

Nikamwambia ampigie bwana mifugo. Alikuwa ameshampigia. Maharage niliyauza kwa bei ambayo mpaka leo sijamwambia mtu, nikapanda bodaboda. Njia nzima nilikuwa nikifikiria chupa ya dawa ya kupe iliyokaa juu ya boriti ya banda, imejaa. Nilikuwa na wiki tatu sijanyunyizia. Ng'ombe anakaa ndani, kupe atamwonea wapi? Kupe anapanda majani, na majani yanaletwa ndani.

Nilipofika nyumbani nilikuta umati. Shemeji yangu, binamu wa marehemu mume wangu, alikuwa ameshika kamba. Wanaume sita hivi walikuwa na mapanga yaliyonolewa, na mlangoni pa banda palikuwa na lundo la majani ya migomba, mabichi, yamefutwa vizuri tayari kwa kuwekea nyama. Mzee mmoja wa bondeni, ambaye namheshimu sana, alikuwa amekuja na kisufuria kidogo cha kubebea fungu lake la maini. Hakuna aliyekuwa na uso mbaya. Walikuwa na nyuso za watu waliokuja kusaidia.

"Pole, Mwalimu, waitu, ndugu yetu," shemeji alisema. "Tumekuja kukuokoa. Ng'ombe huyu asikufie mikononi."

Bima yangu ilikuwa imefika, kamili, kwa wakati, na mapanga mkononi.

Bwana mifugo alitoka bandani akifuta mikono. Alisema ni ndigana kali, ile inayoletwa na kupe, na kwamba kupe wenyewe pengine wamekuja na majani ya kando ya barabara, wanakopita ng'ombe wa watu. Jirani yangu alikuwa amesimama ndani, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe. Nilimwona anavyoyapokea maneno hayo. Majani ya kando ya barabara yalikuwa yake. Akauondoa mkono wake mgongoni pa ng'ombe.

"Kunyunyizia dawa ni kazi yangu," nikasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Chupa ile pale, imejaa. Endelea, bwana mifugo."

Akaendelea. Ndigana haimdhuru mtu. Ng'ombe akichinjwa sasa hivi, kabla ya dawa yoyote, nyama ataikagua na italiwa. Lakini akishamchoma sindano, nyama hiyo haigusiki, na akifa baada ya hapo ni wa kufukia. Kupona? Amewahiwa mapema, kwa hiyo inawezekana. Hakuweza kuahidi zaidi ya hapo. Na kwa vyovyote vile, nichague haraka.

Nataka nieleze nilivyojisikia, maana baadaye watu walinisifu kwa ujasiri ambao sikuwa nao. Niliogopa. Nilikuwa na hasira pia, na sikujua nimkasirikie nani. Nikikubali kuchinja, kahawa ikiuzwa nitapata karibu thamani yote ya ng'ombe. Nikikataa na akafa, nitabaki na shimo kibanjani, na pensheni ya mwalimu hainunui ng'ombe. Hesabu yake ilikuwa rahisi mno, hata mtoto wa darasa la pili angeipata. Tatizo ni kwamba ndani ya tumbo lile mlikuwa na ndama wa miezi sita, na huyo hana fungu. Huyo hutupwa shimoni pamoja na utumbo.

Nikamgeukia jirani yangu. "Unasemaje?"

"Ng'ombe ni wako, Mwalimu."

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu hayakuwa kweli, na wote pale tulijua si kweli. Ng'ombe alikuwa bado hajawa wangu. Nilimtazama nikamwona tena mtoto wa dawati la nyuma, jibu liko mdomoni na kidole hakinyooshwi. Zamani ningempita nikamwuliza mwingine. Nilikuwa na aibu kwamba ndivyo nilivyomfanyia miezi yote hiyo.

"Sikuuliza ng'ombe ni wa nani. Nimeuliza unasemaje."

"Achomwe sindano," alisema, kwa sauti ndogo sana. Kisha akairudia kwa sauti kubwa. "Achomwe sindano, Mwalimu. Tafadhali."

"Na akifa?" shemeji aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kwa niaba ya mfuko wangu.

"Atafukiwa," nikajibu. "Bwana mifugo, mchome."

Nilisema hivyo kwa sauti ileile ya darasani, na watu wakaamini. Lakini nilikuwa nimetoa jibu ambalo sikuwa nalo. Sindano ikaingia. Mapanga yakarudi makwapani. Mzee wa bondeni alikitazama kisufuria chake, akanipa pole mara mbili, nadhani moja ilikuwa yake mwenyewe, akaondoka. Majani ya migomba hakuna aliyeyabeba. Jirani yangu aliyachukua moja moja, akayatandika chini ya ng'ombe ili alale pakavu.

Zilifuata siku tatu za kukaa bandani kwa zamu. Ng'ombe alihema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo. Mimi nilikuwa na kigoda changu, jirani yangu alikuwa na ndoo aliyoigeuza, na hatukuzungumza sana. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri, kazi ambayo nilikuwa nimeikwepa mkutanini. Nikaliona kosa langu, na halikuwa kwamba majirani hawasaidii. Wamesaidia, wamekuja mbio kuliko kampuni yoyote. Ila msaada wao unaanza na panga. Wakisikia ng'ombe anaumwa, njia pekee waliyonayo ya kukuokoa ni kumwua kabla hajafa. Mwenye karatasi ya bima angemwambia bwana mifugo achome sindano bila kuogopa shimo kibanjani. Nilikuwa nadhani bima inanunua ng'ombe mwingine. Kumbe inachonunua kwanza ni subira, ya kumwacha huyu uliye naye apigane na ugonjwa wake.

Nikaona na jambo la pili. Mimi niliyejisifu kwa majirani mia sikuuona uvimbe ule, na hata kama ningekuwa nyumbani nisingeuona, maana ng'ombe wangu namtazama kwa kumpita. Aliyeuona ni yule aliyekuwa akimpapasa shingo kila siku. Bwana mifugo alisema angechelewa siku moja tu, sindano ingekuwa ya bure.

Siku ya nne asubuhi, ng'ombe alinyoosha shingo, akang'ata jani moja, akalitema, akang'ata jingine akalitafuna huku akinitazama kwa dharau yake ya zamani. Jirani yangu alipiga vigelegele mpaka mbwa wa mwenyekiti akabweka ng'ambo. Mimi nililia. Mwalimu mkuu mstaafu, nimekaa kwenye kigoda, nalia kwa ajili ya jani la guatemala, nyasi ya kulishia ng'ombe.

Mimba haikutoka. Miezi mitatu na siku kadhaa baadaye tulimpokea ndama pamoja, jirani yangu akiwa amefika kabla hata ya bwana mifugo. Alimvuta, akamfuta pua, akamwinua mguu wa nyuma kuangalia. Nami nikaangalia.

Alikuwa dume.

Dume si wa orodha. Dume ni wangu, na yeye alikuwa amengoja mwaka mzima. Nilitafuta neno la kumfariji, na kabla sijalipata nilisikia anacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya banda.

"Mwalimu," alisema akijifuta macho, "si ulitufundisha mwenyewe? Ng'ombe wa maskini hazai, akizaa huzaa dume."

Nilimfundisha kweli, ubaoni, miaka ile, kama zoezi la kukamilisha methali. Nilicheka naye, lakini usiku wake sikulala vizuri.

Ng'ombe alipopandishwa tena na mimba ikashika, nilimwuza yule dume na kwenda Kayanga. Mwenye duka aliniona tangu mlangoni. Angeweza kunisimanga, na mimi ningemsimanga mahali pake. Badala yake alinivutia kiti, akaweka kahawa ya kutafuna mezani.

"Karibu, Mwalimu. Habari za uzazi?"

"Wakunga hawajambo," nikamjibu. "Lete karatasi."

Tukajaza. Palipoandikwa mwenye mali nilitaja jina langu. Palipoandikwa atakayelipwa mnyama akifa, nikataja la jirani yangu. Aliinua kalamu.

"Ni ndugu yako?"

"Ng'ombe akifa, mtamba atakayenunuliwa ataanzia kwake. Mimi maziwa nimeshakunywa."

Aliandika bila kuuliza tena. Watu huniuliza siku hizi, hasa wale waliocheka nami siku ya mkutano, kama fedha ile si ya kutupa. Nawaambia hivi: ng'ombe ambaye uko tayari kumla, usimkatie bima, fungu litakutosha. Ambaye huwezi kumchinja bila kumchinja pia mtu mwingine, huyo uza maharage umlipie. Na fungu la jirani bado nachukua kila linapotokea, kwa sababu sijawa mwendawazimu.

Mwenye duka alipokwisha kuja kumvisha ng'ombe hereni na kumpiga picha, kesho yake jirani yangu alikuja na mzigo kama kawaida. Siku hizi majani yake anayakata kibanjani kwangu, na anayakung'uta kabla ya kuingia. Akaiona hereni ya njano sikioni, akaishika, akaisoma namba yake yote kwa sauti. Nikamweleza kila kitu, pamoja na jina lake lilipoandikwa. Akampapasa ng'ombe shingo, kisha tumbo.

"Na wa ndani naye ameandikwa?"

"Hapana. Bima haimwandiki ambaye hajazaliwa."

"Basi huyo," alisema, akijitwika ngata yake, "nitaendelea kuja mwenyewe."